Nyuzi nene zinaua magitaa

Kuna kauli inayorudiwa kwenye kwaya za huku Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga hadi Chonyonyo, utadhani ni amri: gitaa halilii mpaka lifungwe waya nene za chuma, na nailoni ni za watoto. Kauli hii ni potofu, na inaharibu mali za watu. Sauti ya uzi hutokana na urefu wake, uzito wake na jinsi ulivyokazwa. Urefu alishauweka fundi, karibu sentimita 65. Basi ukitaka uzi mzito utoe noti ileile ya uzi mwepesi, sharti uukaze zaidi. Seti ya nailoni hulivuta gitaa kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Seti ya chuma ambayo uzi wake mwembamba kuliko wote ni namba 12 hukaribia kilo 75. Mzigo huo wote unabebwa na daraja lililogundishwa juu ya ubao wenye unene wa milimita chache. Ukifunga chuma kwenye gitaa la nailoni, ubao huvimba nyuma ya daraja, nyuzi huinuka mbali na shingo, mpigaji hukandamiza kwa nguvu, na kila akikandamiza noti hupanda kuliko inavyotakiwa. Kisha kijana analaumiwa kwamba hana sikio!

Wapo watakaotuambia lipo gitaa fulani lenye waya nene na halijavunjika mpaka leo. Hiyo si hoja. Gitaa hilo lilijengwa kwa ajili ya chuma. Wengine wanadai uzi mwembamba hauna utamu. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey kule Katanga, Kongo, mwaka 1952, alivuma kwa kazi ya kidole gumba na cha shahada, wala hakuna anayemkumbuka kwa unene wa waya zake. Na sisi wa Kagera tulipaswa kulijua hili kabla ya wengine, kwa sababu tuna nanga, ala yetu ya nyuzi. Nanga huchongwa kwenye gogo moja, na uzi wake, uliokuwa wa kano za ng'ombe, hupitishwa huku na huku juu ya mti huo. Uzi hufuata mti, yaani hukazwa kadiri mti unavyoweza kubeba. Tumeiacha nanga ikanyamaza, na elimu yake tumeitupa pamoja nayo.

Kwaya hizohizo huchangisha fedha za kinanda kipya huku gitaa likibaki na nyuzi zenye kutu mwaka baada ya mwaka, kisha wembamba wa uzi unalaumiwa kwa ububu wa nyuzi chakavu. Kabla ya kununua nyuzi, tazama daraja. Uzi ukifungwa hapo kwa fundo, hilo ni gitaa la nailoni, lisiguswe na chuma kamwe. Ukishikiliwa na vigingi vidogo, ni la chuma, na hata hilo anayejifunza alianzishie seti ya 10 au 11. Kama sauti haifiki nyuma ya kanisa, nunueni maikrofoni. Ubao msiuongezee mzigo.