Kisahani cha Maabara Si Mwili wa Baba

Tumemzika mjomba wangu juzi. Udongo haujakauka, mzee mmoja akasimama akatuusia wanaume tuache kukimbilia vipimo. Manjano, soya na mbegu za maboga, alisema, huwasha jeni na kuizima saratani ya tezi dume, sayansi imethibitisha. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Mjomba aliamini hayo hayo. Alikunywa unga wa manjano miaka miwili huku mkojo ukimtoka kwa shida, akafika hospitali saratani imeshaingia mifupani.

Sayansi ipi? Katika saratani nyingi za tezi dume, jeni ya GSTP1, ambayo husaidia seli kujikinga na sumu, hukutwa imezimwa na vibandiko vya kikemia viitwavyo methili. Jeni yenyewe ni nzima, imefungwa mdomo tu. Hiyo ndiyo epijenetiki. Jenisteini ya soya imeonekana kuvibandua vibandiko hivyo kwenye seli zilizooteshwa kisahanini na kumwagiwa kemikali iliyochujwa. Kisahani hakina tumbo la kusaga, hakina ini la kuchuja, hakina figo za kutoa. Kisahani si mwili!

Miili nayo imeshajaribiwa. Mwaka 2001 utafiti wa SELECT ulianza kuwapa wanaume zaidi ya 35,000, wengi wao Wamarekani, vidonge vya seleniamu na vitamini E, vilivyosifiwa kuwa kinga ya saratani hii. Mwaka 2008 vidonge vikasitishwa: havikukinga. Mwaka 2011 ikabainika kwamba waliomeza vitamini E peke yake waliugua zaidi, kwa asilimia 17. Kisahani si mwili.

Eti babu zetu walikula vya shamba na hawakuugua. Nani aliwapima? Walikufa kwa "kiuno" na "kuzibwa mkojo", tukasema ni uzee. Hoja hiyo ni ya kitoto, na watu wazima waone haya kuirudia. Waone haya pia wenye vipaza sauti stendi, wanaouza unga kwa bei inayotosha kumlipia mtu kipimo, na hakuna anayewauliza.

Wanaume wanaogopa kidole cha daktari. Lakini PSA, kipimo cha awali cha saratani hii, huhitaji damu kidogo tu ya mkononi.

Kuleni nyanya, kuleni soya, ni chakula kizuri. Lakini leo mpigie baba yako. Usimuulize anakula nini. Muulize huamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa. Heshima ikikuzuia, mtume baba mdogo. Mimi nilimwonea haya mjomba, nikanyamaza.