Ufunguo wa Ghala Uko kwa Nani?



Kuna kazi moja ambayo jumuiya zetu huifanya vizuri kuliko nyingine zote, nayo ni kuzika. Mtu akifariki asubuhi, kabla ya jua kutua daftari la michango limekwisha funguliwa. Sanduku linapatikana, turubai linafungwa, gari linakodiwa, na wanaokesha matangani wanapikiwa bukari na maharagwe. Siku hiyo hakuna anayesema kwamba pesa zimekosekana. Lakini mama yule tuliyemzika kwa heshima, mwezi mmoja kabla ya kifo chake alikuwa akipika mara moja kwa siku, na kuwalaza watoto mapema ili usingizi uwawahi kabla ya njaa. Tulikuwa tukisali naye kila juma. Hakuna daftari lililofunguliwa. Tulimpatia sanduku alipokufa. Hatukumpatia meka moja ya unga alipokuwa hai.

Hatuandiki haya ili kuwanyoshea wengine kidole. Ni sisi tuliofanya hivyo, sisi wenye kitambaa cha chama shingoni na wimbo mdomoni. Mwaka ule ule tulichanga kwa ajili ya vikwembe vya sikukuu, na tukafanikiwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliwakumbusha watu wote na serikali zote wosia wa Mababa wa Kanisa: kutomlisha anayekufa kwa njaa ni sawa na kumwua. Neno hilo ni zito, nasi tunalisoma kwa haraka kana kwamba liliandikwa kwa ajili ya matajiri tu. Leo tunataka kulisoma polepole, tukiwa watu wenye mifuko mitupu.

Njaa yenye kalenda

Katanga hutoa shaba na kobalti ambazo dunia nzima inazigombania, lakini unga wa bukari yetu, kwa sehemu kubwa, hupitia Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia hata serikali yake ikatangaza, tarehe 29 Februari, kwamba ni janga la taifa. Mahindi ya Zambia yakazuiliwa yasitoke, na bei ya unga Lubumbashi ikapanda. Mwezi wa Agosti mwaka uleule mpaka wa Kasumbalesa ukafungwa kwa siku chache kwa sababu ya mvutano wa biashara ya vinywaji. Hivyo chungu cha mama wa Kenya au wa Katuba hutegemea mvua ambayo hakuiona na mabishano ambayo hakuitwa kuyasikiliza.

Hata pasipo ukame, kila mwaka kuna miezi ambayo kila mmoja wetu anaijua. Kuanzia Novemba mpaka Machi mahindi ya zamani yamekwisha ghalani, na mapya yangali shambani. Meka hupanda bei. Mnamo Mei na Juni, mavuno yanapoingia, meka ileile hushuka. Mtu akinyeshewa na mvua ya ghafula tutamhurumia. Lakini anyeshewe kila mwaka, siku ileile, mahali palepale, tutamwuliza kwa nini hajajenga paa. Njaa yetu ina kalenda, nasi kila mwaka twaipokea kama mgeni asiyepiga hodi.

Wanaosema kuweka akiba ni kukosa imani

Hoja ya kwanza tunayoisikia imevaa mavazi ya kidini. Wanatuambia: Mungu atatoa. Wanatukumbusha kwamba Yezu alitukataza kujisumbua kwa ajili ya kesho. Ni kweli, alikataza kujisumbua, kufikiri hakukataza. Tena, nani anayesumbuka na kesho kuliko yule asiyekuwa na kitu ndani ya nyumba? Kilo kumi za mahindi makavu humwondolea mama sumbuko lilelile ambalo Yezu alitaka limwondoke.

Wanatukumbusha pia mana ya jangwani, iliyooza ilipowekwa mpaka asubuhi. Wasome mpaka mwisho. Siku ya sita Mungu mwenyewe aliagiza watu waokote maradufu, na haikuoza. Ilioza ile iliyowekwa kwa uchoyo; ilidumu ile iliyowekwa kwa utii. Naye Yezu, baada ya kuwashibisha watu elfu tano, aliwatuma mitume kukusanya vipande vilivyobaki, kisipotee chochote, na vikapu vikawa 12. Aliyeweza kuumba mikate hakuona haya kukusanya makombo. Sisi tusioweza kuumba hata punje moja twaona haya kuweka akiba!

Tumewaona tena wahubiri wanaomwomba mjane pesa yake ya mwisho iwe “mbegu”, wakimtaja mjane wa Sarepta. Nabii Eliya kweli aliomba mkate kwa mjane yule. Lakini alikaa katika nyumba yake, wakala pamoja siku nyingi. Anayechukua unga wa mjane, kisha asionekane mlangoni pake mwezi wa Februari, asijifananishe na Eliya.

Yosefu, Farao na posho

Kila tunapozungumza juu ya akiba, tunasomewa habari za Yosefu huko Misri: miaka saba ya shibe, sehemu ya tano ya mavuno ikawekwa, na miaka saba ya njaa ikapita watu wakiwa hai (Mwa 41). Ni habari njema. Lakini endeleeni mpaka sura ya 47, ambayo haisomwi sana. Ghala lilikuwa la Farao. Watu waliokuwa na njaa walinunua nafaka ile kwa pesa zao. Pesa zilipokwisha, wakatoa mifugo. Mifugo ilipokwisha, wakatoa mashamba yao na miili yao wenyewe. Waliokoka na njaa, wakawa watumwa. Nafaka waliyonunua ilikuwa imetoka katika mashamba yao. Swali ambalo sura hiyo inatuachia ni hili: ufunguo wa ghala ulikuwa kwa nani?

Sisi wa Katanga tunaijua sura hiyo hata bila kuisoma. Babu zetu katika kambi za Union Minière walipokea posho: unga, maharagwe, samaki, kwa hesabu ya mke na watoto. Gécamines iliendeleza desturi hiyo, na wazee husimulia kwa furaha siku ya kupokea mfuko wa unga. Hatuwadharau, walifanya kazi ngumu, na posho ile ilikuwa haki yao. Lakini ghala halikuwa lao. Miaka ya 1990 kampuni ilipoanguka, mishahara ilikawia miezi na miezi, mifuko ikaacha kuja, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Waulizeni wazee wenu nani aliyelisha nyumba katika miaka ile. Wengi watawajibu: mama, aliyechukua jembe akaenda kulima pembezoni mwa mji, au aliyepanga mafungu ya sombe na lengalenga kando ya barabara.

Na bado tunangoja posho. Zamani tuliingoja kwa kampuni. Leo tunaingoja kwa mbunge wakati wa uchaguzi, kwa shirika la misaada, kwa Karitasi, kwa ndugu aliyeko Ulaya. Msaada ni mwema, na anayeuhitaji aupokee bila aibu. Serikali nayo isidhani kwamba tumeifutia deni lake: barabara za mashamba, mbegu na bei ya haki ni wajibu wake, nasi hatutaacha kuudai. Lakini anayedai akiwa na akiba hudai akiwa amesimama. Anayedai akiwa na njaa hununuliwa kwa kilo mbili za unga na fulana yenye picha.

Wanaosema maskini hana cha kuweka

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu ina kweli ndani yake. Watu wanaishi siku kwa siku. Kinachopatikana asubuhi kinaliwa jioni. Hatutamwambia mama anayepika mara moja kwa siku kwamba apunguze. Kumhubiria akiba mtu huyo peke yake ni ukatili.

Lakini jumuiya nzima si mtu mmoja. Jumuiya ileile inayosema haina kitu hucheza likelemba, huchangia matanga, hununua vikwembe, hulipia kamati za harusi. Pesa ni chache, tena zina njia zake. Nasi ndio tuliozichimba njia hizo. Tunachouliza ni kwamba mfereji mmoja uelekezwe kwenye chungu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba walichokitaja kilikuwa kipimo cha nafaka.

Hesabu ni rahisi. Nyumba 30 za jumuiya, kila moja ikileta meka moja kwa mwezi tangu Mei mpaka Oktoba, zitakuwa na meka 180 kabla ya miezi mibaya kuanza. Nyumba isiyoweza kuleta nafaka italeta mikono: kuanika, kupepeta, kulinda. Mwezi wa Januari mwenye shida atakopa, naye atarudisha baada ya mavuno pamoja na nyongeza ndogo. Wasio na uwezo wa kurudisha watapewa, na majina yao hayatasomwa mbele ya watu.

Mfanyabiashara naye huweka ghala. Hununua mwezi wa Juni, hufunga, hungoja kilio cha Januari, kisha hufungua. Baadhi yao hupokea Komunyo pamoja nasi. Yule tajiri wa Injili ya Luka (Lk 12) hakulaumiwa kwa kuvuna. Alizungumza na nafsi yake peke yake, na katika mipango yake yote hakuna jirani hata mmoja. Ghala la namna hiyo na ghala la jumuiya hutofautiana mlangoni. Kwa hiyo mlango wetu uwe na kufuli tatu, funguo tatu na watu watatu, mmoja wao awe mama anayejua bei ya soko, na daftari lisomwe hadharani kila mwezi.

Mahindi hayasikii hotuba

Akiba haiozi, husema methali. Ya mahindi huoza, tena upesi, ikiwekwa na wazembe. Tuweke punje, tusiweke unga, kwa maana unga huharibika mapema. Punje zikaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Ili kuzipima, tieni kiganja cha punje na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise: chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Bidoni ya lita 20 iliyooshwa na kukaushwa vizuri huchukua karibu kilo 15. Ijazeni mpaka shingoni, mkaze kifuniko, na fukusi watakosa hewa wafe. Mahindi yaliyoota ukungu msiyape mtu, hata bure: ukungu huo una sumu inayodhuru ini, wala kupika hakuiondoi.

Mihogo ni ghala lililo ardhini. Huweza kungoja mwaka na zaidi. Lakini ile michungu ilowekwe siku tatu au nne na kuanikwa kikamilifu. Njaa inapowafanya watu wafupishe siku hizo, sumu hubaki, na miguu ya watoto hupooza kwa ugonjwa wa konzo, unaojulikana sana huko Kwango.

Kuhusu chakula kibovu, Kanisa limetupatia shahidi wa rika lenu. Floribert Bwana Chui, mlei kijana wa Goma, alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alipewa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite kwenda kuuzwa kwa watu, akakataa. Aliuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma. Alikufa kwa ajili ya watu ambao hakuwajua, wasile sumu. Sisi hatuombwi damu. Tunaombwa meka moja kwa mwezi, na uaminifu wa kushika ufunguo bila kuiba.

Kwa hiyo tunawaambia waziwazi, Xaveri, Kiro, Kizito-Anuarite na vijana wote: mwaka huu kikwembe kipya kingoje. Kabla ya mavuno ya Mei kila kikundi kitafute chumba kikavu, bidoni na kufuli. Kama Februari ijayo mama wa jumuiya yetu atawalaza watoto wake mapema kwa njaa, tusithubutu kufungua daftari la matanga yake kabla hatujaomba msamaha mbele ya sanduku lake.

Maswali kwa mkutano wa kikundi

1. Katika jumuiya yetu, ni nyumba zipi zilizopika mara moja kwa siku Februari iliyopita? Kama hatuzijui, kwa nini hatuzijui?

2. Mwaka uliopita tulichanga kiasi gani kwa matanga na sikukuu, na kiasi gani kwa chakula cha walio hai?

3. Ni watu gani watatu tunaoweza kuwakabidhi funguo, na tutaanza tarehe gani?