Sola isitangulie mabenchi

Februari 2020 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliazimia kufuta mchango wa kanisa hilo katika hewa ukaa ifikapo mwaka 2030. Azimio ni rahisi kupitisha. Kazi iko kwenye majengo yapatayo 16,000, ambayo zaidi ya robo tatu yanalindwa kisheria kama urithi, na maelfu yake yalikuwa yamekwisha kujengwa kabla Wareno hawajafika Mombasa.

Lawama ya kwanza huangukia vibali. Parokia haigusi ukuta wake hivi hivi: kamati ya ushauri ya dayosisi hutoa maoni, kisha kansela, ambaye ni jaji wa dayosisi, huamua. Sura ya nje ikibadilika, halmashauri nayo huombwa idhini. Mlolongo mrefu, ndiyo, lakini lawama hiyo imepitwa na wakati. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022 zimeupindua mzigo. Sasa anayetaka boila mpya ya gesi au mafuta ndiye anayekwenda kwa kansela kujieleza, ilhali kazi nyingi ndogo za kuokoa nishati hupita kwa barua ya arkidikoni, nyingine bila kibali chochote. Kanisa Kuu la Gloucester, lenye karne nyingi, liliwekewa paneli za sola tangu 2016.

Hizo paneli ndizo zinazopendwa na wapiga picha, na hapo ndipo parokia nyingi hupotea. Kanisa la kijijini hutumika saa chache kwa wiki, na hitaji lake kubwa ni joto, Jumapili asubuhi wakati wa baridi. Sola huzalisha zaidi mchana wa kiangazi, jengo likiwa tupu. Tena kupasha hewa yote iliyo chini ya dari refu la mawe ili watu ishirini wasitetemeke ni kuchoma sadaka. Vipasha joto vya umeme chini ya mabenchi humfikia mtu alipoketi. Kabla ya vipasha hivyo kuna kurekebisha mifereji ya paa: ukuta uliolowa hupoteza joto haraka kuliko mkavu. Mshauri mzuri wa kamati atayasema haya mapema, ndiyo maana aitwe kabla ya fundi, si baada ya nukuu ya bei kuletwa.

Pesa ni habari nyingine. Makamishna wa kanisa, wanaosimamia mali zake, wametenga pauni milioni 190 kwa mpango huu, fedha inayoonekana nyingi mpaka uigawe kwa idadi ya majengo. Wakati huohuo serikali, iliyokuwa ikirejesha kodi ya ongezeko la thamani kwenye ukarabati wa majengo ya ibada yenye hadhi ya urithi, ilianza Aprili 2025 kuweka ukomo wa pauni 25,000 kwa jengo kwa mwaka. Wafadhili wengine hutaka parokia itangulize fungu lake, na maombi yao yanahitaji ripoti, makadirio na mtu mwenye nafasi ya kuyaandika. Parokia ya mjini yenye wahasibu na wasanifu majengo kwenye mabenchi yake haitoki jasho. Ya kijijini, yenye wastaafu wachache, hukata tamaa ukurasa wa tatu.

Kwa hiyo dayosisi zisikimbilie kuanzisha mfuko mwingine. Ziajiri kwanza watu wa kuzunguka vijijini, kukagua majengo na kuziandika hizo fomu pamoja na wazee wa kanisa.