Kijerumani Shuleni: Mbegu Si Mavuno

Mtoto aingiapo sekondari, mzazi huletewa orodha ya masomo ya kuchagua, na katika baadhi ya shule Kijerumani kimo katika orodha hiyo. Mkulima wa Molo au karani wa Nakuru huishika karatasi ile akajiuliza: lugha hii itamfaa nini mwanangu? Yafaa swali hili tulitazame kwa utulivu, kwa maana siku hizi limezungukwa na uvumi, na uvumi waweza kumgharimu mtu ng'ombe wake.

Kwanza, Kijerumani si mgeni kabisa kwetu. Neno "shule" lenyewe limetoka katika neno lao Schule. Mjerumani J. L. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Hapa Bonde la Ufa, ule mwamba mrefu wa Hell's Gate, karibu na Naivasha, waitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Nao Wajerumani walikaa darasani kujifunza lugha yetu: huko Berlin, katika chuo cha lugha kilichofunguliwa mwaka 1887, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa mmoja wa walimu wa Kiswahili.

Pili, tuone mwanafunzi hukuta nini mwanzoni. Kusoma kwa sauti si kazi ngumu, kwa kuwa Kijerumani, kama Kiswahili, kwa sehemu kubwa husomwa kama kilivyoandikwa. Lazima tu akumbuke kwamba w husomwa v, z husomwa ts, na j husomwa y. Hesabu zitamchekesha, maana 21 kwao ni "moja na ishirini". Tena atakapotaka kusema kwamba amenunua maziwa, neno la kununua litamngoja mwisho kabisa: Ich habe Milch gekauft.

Linalowatisha wengi ni vile vijineno vitatu vitanguliavyo majina: der, die na das. Meza ni der Tisch, taa ni die Lampe, kitabu ni das Buch. Wala maana ya jina si kiongozi cha kutegemewa, kwa sababu msichana, Mädchen, huchukua das, kijineno ambacho si cha kike wala cha kiume. Ajuaye Kiingereza peke yake hustaajabu. Lakini mtoto wetu amekulia katika ngeli. Husema kitabu kimepotea, kalamu imepotea, gari limepotea, wala haulizi sababu. Basi na afanye vivyo hivyo: asikariri Tisch peke yake, bali der Tisch, jina pamoja na kijineno chake, tangu siku ya kwanza. Atakayeliacha jambo hili mwaka wa kwanza atalilipia mwaka wa tatu, kwa kuwa sarufi yote ya mbele imejengwa juu yake.

Sasa tupige hesabu. Ujuzi wa lugha hii hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 mpaka C2. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ambayo ina tawi Nairobi, hukadiria kwamba A1 huhitaji vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45, na B2 vipindi 600 hadi 800. Tuseme shule yatoa vipindi 5 vya dakika 40 kila juma, kwa majuma 36 ya mwaka. Hiyo ni saa 120, sawa na vipindi 160 vya kipimo kile. Mwaka mmoja, basi, wamtosha mwanafunzi mwenye bidii kufika A1. Miaka mitatu yampa vipindi 480, yaani yuko njiani katika B1. B2 bado iko mbele yake.

Kwa nini hesabu hii ni ya maana? Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi huko Berlin mkataba juu ya uhamiaji na kazi. Mara habari zikaenea kwamba Wakenya 250,000 wangepewa kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikasema kwamba mkataba hautaji idadi yoyote. Mlango upo, lakini una kizingiti. Muuguzi atakaye kutambuliwa huko kwa kawaida hudaiwa B2, na kijana aendaye kujifunza ufundi kazini hudaiwa B1.

Kwa hiyo, mtu akija Njoro au Subukia na ahadi ya kazi Ujerumani baada ya miezi michache ya masomo, naye ataka fedha kwanza, aulizwe mambo matatu: mwajiri ni nani, mkataba wa kazi uko wapi, na ngazi gani ya lugha yatakiwa? Kisha jina lake lipelekwe kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira ili ijulikane kama ameandikishwa kuwa wakala. Asiyeweza kujibu hastahili hata shilingi moja, sembuse hati ya shamba.

Shauri langu kwa wazazi ni hili. Mtoto akipenda lugha, na shule ikiwa na mwalimu aliyehitimu, mwacheni achague Kijerumani. Huo ni msingi ambao kijana mwingine atalazimika kuulipia baadaye katika darasa la jioni. Lakini asiache hisabati wala sayansi kwa ajili yake, maana Ujerumani humtaka mtu mwenye kazi mikononi pamoja na lugha kinywani. Na muhula ukifungwa, usimwulize atasafiri lini. Mwambie akutajie vitu kumi vilivyomo nyumbani kwa Kijerumani, kila kimoja pamoja na kijineno chake.