Cheza 140 kwa masikio

Unapozungumzia magemu ya kuruka yanayoendeshwa na muziki, usiiache 140 ya Jeppe Carlsen wa Denmark, yule aliyeongoza ubunifu wa uchezaji wa gemu la Limbo. Ilitoka 2013, na mwaka huohuo ilishinda tuzo ya sauti kwenye Independent Games Festival. Jina lake ni kasi ya muziki wake: mapigo 140 kwa dakika.

Mhusika ni umbo tu. Akisimama ni mraba, akitembea ni duara, akiruka ni pembetatu. Hana uso wala hadithi, na sioni pengo lolote. Vibao vya kukanyaga husogea au hutoweka kwa kufuata mdundo, kwa hiyo ukitegemea macho pekee utachelewa, utaanguka. Halafu ukifikisha kimpira unachookota njiani kwenye kituo chake, rangi zote hubadilika na sauti mpya inaingia kwenye muziki. Hapo ndipo mwili unasisimka! Magemu mengi hupachika muziki mwishoni. Carlsen ameufanya ndio njia ya kupita. Gemu ni fupi, kweli, lakini vaa hedifoni uimalize kwa mkao mmoja.