Tuta la Giligilani Nyumbani

Mkoa wetu wa Ruvuma unasifika kwa mahindi, na sisi wanafunzi twajua kushika jembe. Lakini wenzetu wengi, hasa wavulana, hudharau bustani ya jikoni, wakisema ni kazi ya akina mama. Mimi sikubaliani nao.

Natoa mfano wa giligilani. Punje zake huuzwa sokoni kama kiungo, nazo zikiwa nzima, hazijakaangwa, huweza kuota. Kila punje ina mbegu mbili. Basi isugue taratibu ipasuke, uziloweke usiku mmoja, kisha uzipande tutani moja kwa moja, kina cha sentimita 1, maana mizizi yake haipendi kuhamishwa. Huchipua kati ya wiki 1 na 3, na baada ya wiki 6 hivi majani huchumwa. Joto kali huifanya itoe maua upesi. Kwa hiyo baridi ya Songea ya Juni na Julai yaifaa sana, mradi imwagiliwe. Acha mashina machache yakomae, upate mbegu za mwakani.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziunganishe kazi na masomo. Je, tukimaliza Kidato cha Nne bila kupata kazi ya mshahara, tutajitegemea vipi ikiwa hata kiungo cha mboga twamngoja mama akinunue?

Wazazi, wapeni vijana wenu, wa kiume na wa kike, tuta moja kila mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne