Injini Nayo Hupumua: Usiizibe Pua

Leo tuzungumze juu ya mipira midogo ambayo wenye magari wengi hawaijui, hata siku injini inapoanza kutapika oili. Magari yenye turbo siku hizi yamefika hata vijijini, mengi yakiwa yamekwisha tumika huko Japani. Nguvu zake ni nyingi, na gharama zake pia. Basi kabla hujauza ng'ombe ili ununue turbo mpya, soma kwanza maneno haya.

Turbo ni kitu gani? Ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka katika injini huizungusha feni ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi huweza kuungua, na gari hupanda mlima bila taabu. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, ndiye aliyeandikisha uvumbuzi huo mwaka 1905. Feni hizo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, kwa hiyo ekseli yake haiwezi kuishi bila oili safi.

Sasa tazama tumbo la injini, yaani pale chini panapozunguka krenki na kukaa oili. Petroli inapowaka juu ya pistoni, ringi huzuia moshi usishuke. Lakini hakuna ringi izuiayo kabisa. Hata katika injini mpya moshi kidogo hupenya. Katika injini ya turbo msukumo ni mkubwa zaidi, basi na moshi upenyao huzidi. Ndani yake mna mvuke wa maji, petroli isiyoungua na asidi. Moshi huo ukikosa njia ya kutoka, tumbo hujaa upepo kama mpira wa kuchezea.

Magari ya zamani yalikuwa na bomba wazi tu, likitupa moshi huo barabarani. Baadaye ilionekana kwamba unachafua sana hewa ya miji, na huko California, Marekani, magari mapya yalitakiwa kuurudisha ndani ya injini ukaungue. Ndivyo yafanyavyo karibu magari yote siku hizi.

Tuchukue mfano wa Subaru Forester ya turbo yenye injini ya EJ20. Moshi wa tumboni una njia mbili. Gari likiwa limesimama linanguruma polepole, njia za kuingizia hewa huvuta kwa nguvu. Moshi hupita katika vali moja ndogo na kuingia humo. Lakini ukikanyaga mafuta, turbo hushindilia hewa katika njia zile zile. Hapo vali hujifunga, hewa isirudi tumboni. Ndipo moshi hushika njia ya pili: hupita katika mipira ya vifuniko vya juu vya injini na kwenda kwenye bomba lililo kabla ya turbo, mahali ambapo hewa bado inavutwa.

Je, njia hizo zikiziba kwa uchafu, au vali ikikwama wazi? Upepo hujaa tumboni, nao hutafuta pa kutokea. Husukuma sili za krenki, huvujisha oili kwenye vifuniko, hata huweza kuruka kijiti cha kupimia oili. Tena sikia jambo kubwa zaidi: oili huingia katika turbo kwa kusukumwa na pampu, lakini hutoka kwa kutiririka tu, kama maji ya mtaroni, ikishuka tumboni. Tumbo likijaa upepo, oili haishuki. Hujaa ndani ya turbo, hupenya na kuingia katika ekzosi, na gari hutoa moshi wa buluu. Fundi mwenye haraka atasema, "Turbo imekufa." Utanunua nyingine, nayo itatoa moshi ule ule. Fedha imekwenda, ugonjwa umebaki.

Basi fanya hivi. Washa injini mpaka ipate moto, kisha uiache ingurume polepole. Fungua kifuniko cha kujazia oili, ukiangalia mikono isiguse mikanda wala vyuma vya moto. Weka karatasi nyepesi juu ya tundu. Ikivutwa kidogo au ikichezacheza tu, ni dalili njema. Ikirushwa juu kwa nguvu, fungua mipira yote uisafishe, na itazame vali. Ukiitikisa iwe inalia. Hewa ipite kwa urahisi kutoka upande wa tumbo, na kwa shida au isipite kabisa kutoka upande wa pili. Vali mbovu ibadilishwe. Bei yake ni ndogo sana kuliko ya turbo. Kama baada ya hayo karatasi bado inarushwa, huenda ringi zimekwisha. Mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda.

Badilisha oili kwa wakati wake. Safari fupi fupi haziipashi injini moto wa kutosha. Maji hubaki tumboni, yakichanganyika na oili huwa uji mweupe uzibao mipira. Wala usiukate mpira ukauacha wazi, maana vumbi litaingia.

Na ninyi wenye magari ya dizeli, jihadharini zaidi. Oili nyingi ikivutwa kupitia mpira huo, injini huweza kuiunguza kama dizeli na kukimbia yenyewe, hata ukizima ufunguo. Gari la gia za mkono huweza kuzimishwa kwa kutia gia kubwa, kukanyaga breki kwa nguvu na kuachia klachi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini ukiona mpira wa tumbo la injini unadondosha oili, usiuzibe kwa kijiti. Tundu hilo ukiliziba, ndipo utakapojenga ukuta.